Punguza Sauti ya Runinga Yako: Nyota, Mpigaji Simu na Hadhira Isiyokutana Kanda ya Ziwa

Mtu aliyezoea mijadala ya asubuhi kwenye runinga za Tanzania anaijua amri hii kwa moyo. Simu imeingia studio, mtangazaji amesalimia, ameuliza jina na mahali. Mpigaji anajibu kwamba yuko Buzuruga, Mwanza, na anashukuru kupata nafasi. Kabla hajafika kwenye hoja, sauti yake mwenyewe inamrudia kutoka kwenye runinga iliyo mbele yake, imechelewa, inagongana na neno analolitamka sasa. Anasita. Anasema haloo mara mbili tatu. Hapo mtangazaji anaingilia kati: ndugu mtazamaji, punguza sauti ya runinga yako, tusikilizane kwa simu.

Sababu ni ya kiufundi na haina siri. Sauti ya studio inapita kwenye mitambo, inapanda kwenye setilaiti, inashuka kwenye minara, inafunguliwa na king'amuzi, na safari hiyo inakula sekunde kadhaa. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, pengo hilo limekuwa refu zaidi. Ila tuangalie kinachotokea upande wa pili wa simu. Ili aseme, mpigaji analazimika kuacha kutazama. Kama yuko kwa mama lishe pale Mwaloni Kirumba, ama ainuke atoke nje na simu yake, ama wote waliokaa naye mezani wanyimwe sauti mpaka amalize. Kwa dakika moja ya kuzungumza na taifa, amekatwa kutoka kwa wale aliokuwa akibishana nao juu ya jambo hilohilo muda mfupi uliopita.

Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Runinga yetu imempa mtazamaji sauti kwa sharti la kumtenga na watazamaji wenzake. Sharti hilo ndilo linaloeleza, kuliko sababu za maadili au uduni wa vifaa zinazotajwa mara kwa mara, kwa nini nyota na hadhira hawajakutana sawasawa katika vipindi vyetu vya mahojiano. Mwanza inafaa kuwa mahali pa kulichunguza jambo hili kwa sababu mji huu una vitu viwili ambavyo ni nadra kuvikuta pamoja: kituo cha runinga cha kitaifa kilichozaliwa nje ya Dar es Salaam, na desturi kongwe ya mashindano ya ngoma ambamo mwamuzi ni umati wenyewe.

Historia tuipitie kwa kifupi. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, wakati Bara serikali ikiihesabu kuwa anasa. Bara ilisubiri zaidi ya miaka 20. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka uliofuata ITV ya Reginald Mengi ikaanza kurusha matangazo. Mwanza iliingia kwa njia ya redio kwanza. Radio Free Africa ya Anthony Diallo ilijenga wasikilizaji Kanda ya Ziwa nzima, na kwa masafa ya kati ikasikika mbali kupita mipaka ya mkoa. Star TV ilizaliwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Ukoo huu una maana. Runinga ya Mwanza ilirithi tabia za redio, na redio ya Tanzania ilikuwa na mshiriki wake tayari: mtuma salamu, yule aliyenunua kadi, akaandika majina ya ndugu na marafiki mpaka pembeni, akaipeleka kituoni, kisha akakaa kusubiri kusikia jina lake likisomwa. Watuma salamu walifikia kuunda vyama vyao na kujulikana nchi nzima kwa majina ya utani. Hawakuwa na hoja ya kujadili. Walitaka kutajwa, na kutajwa kulitosha.

Simu ya mkononi ilipoenea baada ya mwaka 2000, mtuma salamu aligeuka mpigaji simu. Kipindi kama Tuongee Asubuhi cha Star TV kinaendeshwa kwa muundo ambao msomaji anaufahamu: mtangazaji mezani, wageni wawili watatu ambao ni mtaalamu, mwanasiasa au mtu wa asasi, mada ya siku, kisha simu na ujumbe mfupi. Ni muundo wenye heshima yake. Mada za ukanda huu, kama bei ya pamba, nyavu haramu, usafiri wa visiwani na magugumaji, zimepata mahali pa kuzungumzwa bila kusubiri mhariri wa Dar es Salaam azione kuwa habari. Mgeni wa meza ile, hata hivyo, mara chache huwa nyota wa muziki au filamu. Nyota wako kwingine.

Wako Dar es Salaam. Hata waliotoka huku wako huko: Steven Kanumba alitoka Shinyanga, Fid Q ni mtoto wa Mwanza, na wote wawili majina yao yalikuzwa na studio na kamera za Dar es Salaam. Vipindi vya mahojiano na watu maarufu vikazaliwa huko waliko. Mkasi wa Salama Jabir kwenye EATV ulimketisha mgeni katika mandhari ya saluni ya kinyozi. Take One ya Zamaradi Mketema kwenye Clouds TV ilimhoji msanii ana kwa ana, kwa undani uliowashangaza waliozoea mahojiano ya kupigiana debe. Sporah Njau alifanya yake London, kwenye sofa, akiwaleta Waafrika wa mataifa mbalimbali. Salama alikuwa na ulimi mwepesi na ujasiri wa kuuliza ambao bado unatafutwa na waliomfuata; sidhani kama kuna aliyemfikia. Lakini tuitazame ile saluni. Saluni ya mtaani, iwe Igogo au Kinondoni, ina benchi la wanaosubiri zamu, na benchi ndilo linaloendesha mazungumzo: kinyozi anauliza, mteja anajibu, benchi linacheka, linabisha, linamkumbusha mteja alichosema wiki iliyopita. Katika runinga benchi lile lilikuwa sisi tuliokaa nyumbani, na hatukuwa na njia ya kumkatisha mtu kauli.

Kwa hiyo tukapata mgawanyo. Kiongozi na mtaalamu wanaulizwa na umma kwa simu; nyota anaulizwa na mtangazaji peke yake. Mtu wa Sengerema anaweza kumuuliza mkurugenzi wa halmashauri juu ya kivuko, lakini hawezi kumuuliza msanii anayempenda kwa nini amebadilika. Ungetegemea kinyume chake. Msanii hana jeshi wala bajeti. Riziki yake ni mapenzi ya watu, na kama kuna mtu anayewiwa maelezo na umati, ni yeye.

Marekani mambo yalikwenda hivyo hasa. Phil Donahue alianza kipindi chake mwaka 1967 katika mji wa Dayton, Ohio, akagundua kwamba watu waliokuja kukaa studio walikuwa na maswali mazuri kuliko yake, akaanza kutembea kati yao na kipaza sauti. Oprah Winfrey, aliyeenea taifa zima kuanzia mwaka 1986 hadi 2011, aliongeza machozi na ungamo. Ukumbi ukawa mhusika wa tatu. Mwaka 1994 Sonia Livingstone na Peter Lunt waliandika kitabu kuhusu mazungumzo ya runinga wakiuliza kama ukumbi huo ni aina mpya ya uwanja wa umma, tofauti na ule alioueleza Jürgen Habermas: uwanja ambamo uzoefu wa mtu wa kawaida unaweza kushindana na elimu ya mtaalamu. Jibu lao lilikuwa la tahadhari, na mwaka uliofuata ulitoa sababu ya tahadhari hiyo. Baada ya kurekodiwa kwa kipindi cha Jenny Jones mnamo Machi 1995, mgeni mmoja alimuua mwenzake aliyemtamkia mapenzi mbele ya hadhira. Ukumbi unaweza kumuadhiri mtu kiasi ambacho simu haiwezi.

Wapo wanaodai kwamba hapa ndipo tulipotofautiana na Wamarekani kwa utamaduni: kwamba Mswahili humsitiri mgeni, na heshima haituruhusu kumweka mtu kiti moto mbele za watu. Maelezo haya yana utamu, lakini hayaendani na ushahidi wa Kanda ya Ziwa. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagalu na Bagika, vilivyoshindana kwa vizazi. Katika sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, iliyofungamanishwa na sherehe ya Ekaristi na kukuzwa na Padre David Clement, mwanzilishi wa makumbusho ya Wasukuma, utaratibu wa mashindano ni wa kikatili kwa usawa wake. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja na upande wake. Hakuna jopo wala kadi za alama. Watu wanakwenda kwa anayewavutia, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kiongozi wa ngoma anaweza kuwa bingwa aliyeimbwa wilaya nzima, mwenye dawa zake na mbinu zake, joka shingoni. Umati ukihama, umehama, naye anauona ukihama huku bado anacheza.

Hakuna sitara hapo. Nyota anahukumiwa mbele ya macho yake na watu wanaoonana wao kwa wao. Nasisitiza hilo la kuonana, kwa sababu ndilo linaloiweka ngoma mbali na simu. Anayehama upande wa Bagika kwenda kwa Bagalu haongei chochote. Hatoi maoni, hajitambulishi anatoka kata gani. Lakini hatua zake zinaonekana na jirani yake, jirani anajiuliza kuna nini kule, naye anafuata. Ushiriki wa aina hii hauhitaji sauti. Unahitaji watu kuwa pamoja na kuwa huru kuondoka. Mpigaji simu amepewa sauti, lakini hana wa kumfuata. Akikatwa, watazamaji wengine hawajui kama simu imekatika kwa salio, kwa mtandao au kwa kidole cha fundi mitambo.

Ubishi unaokuja kirahisi ni wa gharama. Ukumbi unahitaji viti, taa, vipaza sauti vingi, walinzi, mabasi ya kuwaleta watu na soda za kuwapa. Msanii akitoka Dar es Salaam kuja Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, au tiketi ya ndege na hoteli ambazo mdhamini lazima azikubali, na ofisi za wadhamini nazo ziko Dar es Salaam. Nakubali yote hayo. Lakini gharama haielezi kwa nini fedha hupatikana zikitakiwa kwingine. Kwenye ufukwe wa Kenya wa ziwa hilihili, Churchill Show ya Daniel Ndambuki ilizunguka miji, Kisumu ikiwamo, ikirekodi vichekesho na mahojiano mbele ya umati. Mwanza kwenyewe, Futuhi ilionyesha kwamba Star TV inaweza kutengeneza nyota wa vichekesho papa hapa na kuwafikisha nchi nzima, ingawa kwa michezo iliyorekodiwa bila umati mbele yake. Matamasha ya muziki yanajaza Uwanja wa CCM Kirumba kila yanapokuja. Watu wapo, jukwaa lipo, wadhamini wapo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kumpa umati kipaza sauti.

Uamuzi huo ni mgumu, na Kampala inatuonyesha kwa nini. Kuanzia mwaka 2000, kituo cha Radio One kilirusha mubashara mjadala wa wazi kutoka baa ya Club Obbligato, na vituo vingine vikaiga. Ebimeeza, kama zilivyoitwa, zilimruhusu yeyote aliyefika na kujiandikisha kusimama na kusema, mbele ya wasikilizaji waliokuwa na bia mezani. Florence Brisset-Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu mazungumzo ya redio na uraia Uganda, anaonyesha jinsi mikutano hiyo ilivyozalisha wasemaji wake maarufu, taratibu zake za nidhamu, hata ngazi za kupandia kisiasa. Nyota walitoka kwenye hadhira. Mnamo Septemba 2009, baada ya ghasia zilizofuata kuzuiwa kwa Kabaka kwenda Kayunga, serikali ilizipiga marufuku. Vituo kadhaa vilivyofungwa wakati huo vilirudi hewani baadaye, na vipindi vya kupiga simu studio viliendelea. Mikutano ya wazi haikurudi. Serikali ilitofautisha kwa usahihi ambao sisi wanazuoni tunaukosa mara nyingi: watu wasio na hatari wakipiga simu mmoja mmoja wanaweza kuwa na hatari wakisikilizana mahali pamoja.

Tanzania nayo ina somo lake. Tarehe 2 Novemba 2014, katika ukumbi wa Ubungo Plaza, Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliandaa mdahalo wa Katiba Inayopendekezwa. Jaji Joseph Warioba alikuwa akizungumza mbele ya kamera za runinga pale ukumbi ulipolipuka: mabango, kelele, viti vikarushwa, mzee akatolewa kwa ulinzi. Mtu anaweza kusema ule haukuwa ushiriki bali vurugu zilizopangwa, na huenda ana haki. Hata hivyo mwendesha kipindi yeyote aliyetazama picha zile alijifunza jambo moja, kwamba umati hauna kitufe cha kuukata. Mijadala ya ukumbini haijafa, na ITV wameendelea na Malumbano ya Hoja, lakini ni ya sera, yenye watu waliokaa kwa utaratibu na zamu.

Huenda mtu akauliza, vipindi vya nyota vinaingiaje kwenye hofu za namna hii, ilhali mazungumzo yake ni ya nguo, ndoa na ugomvi wa wasanii? Jibu lilitoka Dar es Salaam usiku wa tarehe 17 Machi 2017, pale aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda, alipoingia ofisi za Clouds akiwa na askari wenye silaha. Kamati iliyoundwa na Waziri wa Habari, Nape Nnauye, ilieleza kwamba kiini kilikuwa mkanda unaomhusu mchungaji maarufu, uliotakiwa urushwe na Shilawadu, kipindi cha udaku wa mastaa. Tarehe 23 mwezi huohuo waziri akaondolewa. Kipindi ambacho wasomi wengi tungeona haya kukitaja katika jarida kama hili ndicho kilichogharimu kiti cha waziri. Na mapenzi ya wenye mamlaka kwa runinga ya namna hiyo hayakuwa ya siri: Rais John Magufuli, mtu wa Chato kwenye ufukwe wa ziwa, aliwahi kupiga simu hewani katika Clouds 360 kama mtazamaji mwingine yeyote. Sidhani kama alitokea mtu wa kumwambia apunguze sauti ya runinga yake.

Udaku ni siasa kwa sababu jina la mtu ni mtaji wake, awe mchungaji, msanii au mbunge. Ndiyo maana kuliacha swali la nyota mikononi mwa mtangazaji mmoja, mwenye mwajiri mmoja na mdhamini mmoja, ni kumpa mtu mmoja ufunguo wa ghala. Mshikaji wa ufunguo anaweza kuwa mwadilifu, lakini kila mwenye nguvu atajua anakoishi.

Uko mfano mmoja wa kipindi kilichojaribu njia nyingine, nao unastahili kutazamwa bila kusifiwa kupita kiasi. Asasi ya Femina Hip, iliyoanza na jarida la vijana mwaka 1999, ilikuwa na kipindi cha runinga kilichowaweka vijana wenyewe katikati: wanafunzi, wajasiriamali wadogo, wasichana waliopata mimba shuleni. Rebeca Gyumi alikuwa sura yake kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Gyumi huyohuyo alishinda Mahakama Kuu shauri la kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu. Siwezi kudai kwamba runinga ndiyo iliyoshinda kesi. Nadai tu kwamba miaka ya kuwasikiliza wasichana mbele ya kamera si mafunzo mabaya kwa mwanasheria, na kwamba ni vigumu kufikiria kazi ya namna hiyo ikitokea kwenye sofa la mahojiano ya mastaa.

Upande wa pili wa sarafu hiyohiyo ni mchungu. Mwaka 2011 Femina walitengeneza Ruka Juu, mfululizo wa ujasiriamali wa vijana uliorushwa kitaifa. Watafiti wakiongozwa na Kjetil Bjorvatn waliufanyia jaribio kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000, wengine wakihamasishwa kutazama na wengine la. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha dalili kidogo za kuongezeka kwa hamu ya biashara, hasa kwa wasichana. Lakini waliohamasishwa kutazama walifanya vibaya zaidi shuleni, wachache zaidi wakaendelea na masomo, na hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba walifungua biashara zaidi. Nausoma utafiti huu tofauti kidogo na waandishi wake. Wanafunzi wale hawakuwa ndani ya ukumbi. Walitazama vijana wenzao waliogeuzwa kuwa nyota, bila nafasi ya kuwauliza mtaji ulitoka wapi, nani alilipa kodi ya fremu, na nini kilitokea kamera zilipoondoka. Swali la mtaji lingeulizwa na kijana yeyote wa Mabatini ndani ya dakika tano za kwanza. Siwezi kuthibitisha kwamba swali hilo lingebadilisha matokeo; naona tu kwamba nyota asiyeulizwa ni mwalimu hatari kuliko anayeulizwa.

Mwaka 2022 ziwa lenyewe lilitoa nyota. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka majini ikikaribia uwanja wa Bukoba. Watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alieleza jinsi alivyotumia kasia kuufungua mlango wa nyuma, na jinsi kamba ilivyomjeruhi alipojaribu kuwafikia marubani hadi akazinduka hospitalini. Kesho yake, mbele ya waombolezaji waliojaa Uwanja wa Kaitaba, alitajwa kuwa shujaa. Alipewa shilingi milioni 1, na Waziri Mkuu, wa jina linalofanana na lake, akatangaza agizo la Rais kwamba aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Baada ya hapo zilifuata kamera, moja baada ya nyingine, ndani na nje ya nchi.

Mahojiano yale nimeyatazama kama mtu atazamavyo kipindi kinachojirudia. Swali la kwanza, ulijisikiaje. La pili, ulikuwa wapi. La tatu, una ujumbe gani kwa Watanzania. Mvuvi aliyezungumza kwa kujiamini juu ya maji, upepo na kasia alivalishwa taratibu lugha ya shukrani kwa viongozi. Hao hawakuwa watangazaji wabaya. Sura ya kipindi ndivyo inavyotaka: mgeni mmoja, muulizaji mmoja, na wengine nyumbani. Wangekuwapo ukumbini wavuvi wenzake wa mwalo ule, kuna maswali ambayo yasingekwepeka. Boti la uokoaji lilikuwa wapi? Kwa nini mitumbwi ilitangulia? Wengine waliopiga makasia siku ile ni akina nani, na mbona hawapo kwenye kochi? Wavuvi wanajua kwamba mtumbwi hauendi kwa mtu mmoja. Nyota mmoja ni mahitaji ya kamera.

Zipo siku ambapo umati wa Mwanza na nyota walikutana bila mtu kati yao, na zimeacha kumbukumbu. Mwishoni mwa mwaka 2018, Baraza la Sanaa la Taifa lilikuwa limeufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz wenye jina la mji huu. Desemba, katika tamasha lao jijini Mwanza, wasanii hao waliuimba hivyohivyo jukwaani, na siku chache baadaye Baraza likawafungia wote wawili kufanya maonyesho, kabla ya adhabu hiyo kuondolewa. Mengi yaliandikwa juu ya maadili ya wimbo. Machache yaliandikwa juu ya umati, ambao ndio uliokuwa shahidi na mshiriki. Msanii akiwa sofani Dar es Salaam anaweza kuombwa radhi au kuomba radhi, na kipindi kikaisha. Akiwa mbele ya maelfu wanaojua kila neno, hesabu inabadilika: wale walio mbele yake wana uwezo wa kumzomea au kumbeba, na afisa wa Baraza hayupo jukwaani.

Kinachosemwa sasa ni kwamba mitandao imemaliza tatizo. Mahojiano yamehamia YouTube, Salama naye akaanzisha SalamaNa huko, na mtazamaji anaandika anachotaka chini ya video. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizotaka wenye runinga za mtandaoni walipe leseni na ada zilizozidi shilingi milioni 2, zilipunguza wingi wa waandaaji bila kubadili tabia ya kipindi. Mimi sioni kama kuna jipya sana. Anayeandika chini ya video anaandika baada ya mazungumzo kwisha. Mgeni ameshaondoka, ameshalipwa, ameshalala. Mtuma salamu wa kadi alikuwa karibu na studio kuliko yeye. Faida moja ya kweli ni kwamba watazamaji sasa wanasomana, na wakati mwingine wanamwacha mwenye kipindi na kujibizana wenyewe, jambo ambalo simu ya asubuhi haikuruhusu kamwe.

Kipindi cha nyota chenye ukumbi Mwanza kinaweza kujaribiwa bila kusubiri fedha za ajabu. Viwanja vya Furahisha vimezoea mikutano ya hadhara, vumbi lake na vipaza sauti vyake vya kukodi. Ningependekeza kwamba mgeni asiwe mmoja. Waletwe wawili kwa saa ileile, majukwaa mawili, kila mmoja na muulizaji wake kutoka kwenye umati, na kamera ya tatu isiwaangalie kabisa, ielekezwe kwa watu wanavyohama. Watayarishaji wataona ni fujo, na wadhamini watauliza nembo yao itaonekana upande gani. Ni swali halali. Wacheza Bagalu na Bagika wamekuwa wakicheza bila kulijua jibu lake mapema.